Ikulu tuliipata 1962, Mahakama ya Rufani tukaipata 1979: hiyo miaka 17 ya katikati ilikuwaje?

#1 Mkunguni

Heshima kwenu wakuu.

Nyuzi za Katiba humu jukwaani zinafanana. Kila mtu anapigia kelele madaraka ya Rais: makubwa mno, yapunguzwe, yaachwe. Ni nadra kuona mtu akiuliza huyo Rais wa kwanza alipokuwa anayazoea hayo madaraka, mahakama ya juu kabisa ya nchi yake ilikuwa wapi. Jibu ni kwamba ilikuwa Nairobi. Nasema Nairobi kwa maana ya mji, siyo mafumbo. Nimekaa na jambo hili kwa muda, leo naliweka mezani.

Tuanze na upande wa Ikulu. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera inapanda, lakini mkuu wa nchi bado ni Malkia Elizabeth. Anawakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana wa mkoloni. Mwalimu ni Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata anajiuzulu, anamwachia Kawawa kiti, yeye anakwenda kukisuka upya chama. Mwaka huo wa Kawawa wengi hawaujui, na ndio mwaka uliopika kila kitu. Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba, likapitisha Katiba ya Jamhuri. Mwaka huohuo likapitisha Sheria ya Kuwekwa Kizuizini, ya kumfunga mtu bila kesi. Uchaguzi wa Rais ukafanyika tarehe 1 Novemba 1962: Nyerere wa TANU dhidi ya Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Mwalimu alipata kura zaidi ya milioni 1.1, Mtemvu elfu 21 na ushei. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri.

Rais aliyezaliwa siku ile alikuwa mkuu wa nchi, mkuu wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu kwa pamoja. Cheo cha Waziri Mkuu kilifutwa, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Katiba ikasema waziwazi kwamba Rais atatenda kwa hiari yake na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote. Sura ya haki za binadamu haikuwekwa. Sababu ziko kwenye kumbukumbu: nchi ni changa, ina mipango ya maendeleo ya kukimbizana nayo, na majaji wengi ni wageni. Ukiwapa haki hizo mkononi watakuwa wanagongana na Serikali kila kukicha.

Sasa njoo upande wa pili. Mahakama Kuu ya Tanganyika ilikuwepo tangu Waingereza walipomrithi Mjerumani. Juu yake ilikuwepo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1902, makao Nairobi, ikihudumia nchi zote za huku. Juu ya hiyo kulikuwa na Privy Council ya London, baraza la Malkia lililokuwa likisikiliza rufaa za makoloni. Tulipokuwa Jamhuri tukaikata ile ngazi ya London, kwa hiyo kilele kikabaki Nairobi. Majaji wake walikuwa wanakuja Dar kwa vikao, wanasikiliza rufaa, wanaondoka. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ukaibariki iendelee. Jumuiya ikavunjika katikati ya 1977, mahakama ikafa nayo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa 1979.

Fanyeni hesabu wenyewe, 1962 hadi 1979. Katikati hapo tumepata Muungano, chama kimoja, Azimio la Arusha, operesheni ya vijiji, Katiba ya 1977 na vita vya Kagera. Hayo yote yalipita bila nchi kuwa na mahakama ya juu inayoweza kuitwa yake.

Hoja yangu: desturi za Ikulu zilikomaa kabla mahakama ya kuzipima haijazaliwa. Mahakama ilipofika ilimkuta Rais ana miaka 17 kazini na kila mtu ameshajua nani anasikilizwa. Karibuni, ila tafadhali tusilete uchama.

#2 Kandambili

Nimeweka kambi. Wenye nondo washushe.

#3 Jirani wa Feri

Mleta mada umetisha. Naongezea kuhusu Jaji Mkuu wa wakati ule, Sir Ralph Windham, maana watu humtaja jina tu na kupita.

Alishakuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar kabla ya kuja kwetu. Kabla ya hapo alikuwa hakimu Palestina chini ya Waingereza. Januari 1947 akiwa mahakamani Tel Aviv, watu wa Irgun, kundi la Wayahudi lililokuwa likipigana na Waingereza, wakiwa na bunduki waliingia chumba cha mahakama kesi ikiendelea wakamchukua na joho lake na wigi lake. Shida yao haikuwa yeye. Walitaka mwenzao Dov Gruner asinyongwe. Hazikupita siku mbili wakamwachia.

Mtu aliyetolewa kitini kwa bunduki ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wetu siku askari walipoasi kambi ya Colito, Dar, Januari 1964. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyoanza jamhuri na jaji mwenye historia ya namna hiyo.

#4 Mwanaharakati Butu

Mnampamba mkoloni. Wigi na joho vilitusaidia nini?

#5 Mkunguni

#4 mkuu, hakuna anayempamba. Ila umenikumbusha jambo kuhusu hayo maasi.

Waasi walishtakiwa mahakama ya kijeshi. Kiongozi wao, Sajini Ilogi, akapewa miaka 15, wengine chini ya hapo, na wengine wakaachiwa. Watu walitegemea damu, maana Serikali ilidhalilika mpaka ikabidi kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wetu wenyewe. Mwalimu alichukia, na akasema hadharani kwamba adhabu ni ndogo mno. Halafu katika kauli ileile akasema Serikali haitazibadilisha, kwa sababu ikifanya hivyo itakuwa imeutupa utawala wa sheria.

Huyu ni Rais mwenye Sheria ya Kizuizini mezani na jeshi jipya la kuunda, na bado anaacha hukumu asiyoipenda isimame. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba Mwalimu aliidharau mahakama. Ninachosema ni kwamba mipaka ile aliiweka yeye mwenyewe, kwa tabia yake. Hakuna chombo kilichomwekea.

#6 Nyakabindi

Naomba kupingana na mleta mada hapa, kwa heshima zote.

Suala la Nairobi unalikuza. Hata Mahakama ya Rufani ingekuwa pale Kivukoni toka 1962, ingefanya nini? Sheria ya Kizuizini ilisema amri ya Rais isihojiwe katika mahakama yoyote. "Yoyote", mkuu. Jaji angekaa Nairobi, angekaa Magogoni penye Ikulu, angekaa sebuleni kwa Rais, mikono ilikuwa imefungwa na Bunge. Na bila sura ya haki kwenye Katiba hakuwa na pa kushika. Shida ilikuwa sheria. Anwani ya mahakama haihusiki.

Na kumbuka tulizingirwa. Mapinduzi ya Zanzibar Januari 12, maasi Januari 20, Wareno Msumbiji, makaburu kule chini. Rais gani angejifunga mikono?

#7 Mkunguni

Hoja nzito. Lakini jiulize kwa nini Bunge liliona rahisi kumfungia jaji mlango. Sababu iliyotolewa wakati ule ni kwamba jaji ni mgeni. Ugeni wa mahakama ndio uliotumika kuinyima meno, na kwa kuwa haikuwa na meno, hakuna aliyeharakisha kuifanya ya kwetu. Hivyo vitu viwili vilikuwa vinalishana.

Angalia orodha. Windham, Mwingereza, mpaka 1965. Akaja Philip Telford Georges kutoka Karibiani, alikuwa jaji Trinidad, akakaa mpaka 1971. Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu ni Augustine Said, 1971, miaka kumi baada ya uhuru. Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye alikuwa Mwingereza, Roland Brown, mpaka Mark Bomani alipoingia 1965. Wanasheria Waafrika tulikuwa nao wa kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar kilipofunguliwa Oktoba 1961 kitivo cha kwanza kilikuwa Sheria, kikisomesha ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba.

#8 Mama Wawili

Hapo kwa majaji wageni tusiwaweke kapu moja. Earle Seaton mnamfahamu? Mtu wa Bermuda, wakili Moshi miaka ya 50. Ndiye aliyewasaidia Wameru kupeleka malalamiko ya ardhi yao Umoja wa Mataifa, 1952, Kirilo Japhet akasimama New York. Baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu yetu. Huyo ni mgeni kuliko mimi niliyezaliwa juzi?

Georges naye alikuwa mweusi wa Karibiani, aliyekuja kwa sababu aliiamini nchi hii. Nadhani Mwalimu alimtafuta mtu wa aina hiyo makusudi: siyo Mwingereza, na siyo shemeji ya mtu.

#9 Jirani wa Feri

#8 umegusa penyewe. Hilo la kutokuwa shemeji ya mtu lilionekana 1970.

Kesi ya kwanza ya uhaini nchini. Kizimbani yuko Bibi Titi Mohamed, mama aliyeijaza TANU wanawake. Yuko Michael Kamaliza, waziri wa kazi wa zamani. Wako akina Mattaka na ndugu wawili Chipaka, na maafisa wa jeshi. Oscar Kambona anatajwa kila siku lakini yuko London. Shahidi mkubwa wa Jamhuri ni Potlako Leballo wa PAC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Anayesikiliza ni Jaji Mkuu mwenyewe, Telford Georges.

Wekeni akilini picha hiyo. Bibi Titi alikuwa anaweza kujaza uwanja kwa kupaza sauti tu. Yupo mbele ya jaji ambaye hana kijiji Tanganyika, hana mkoa, hana ukoo wa kumtembelea usiku. Kesi ikaendelea kwa miezi. Februari 1971 hukumu ikatoka: Bibi Titi kifungo cha maisha, wengine maisha, wengine miaka kumi, na mmoja akaachiwa huru kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1972 Rais akamsamehe Bibi Titi, na leo barabara ina jina lake.

Kwa kesi ile kukopa jaji kulikuwa na faida. Mtanzania yeyote angekaa pale angeambiwa amelipa fadhila au amelipiza kisasi.

#10 Kijana wa Isimani

Kuna nyingine ya aina hiyo. Krismasi ya 1971 Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, shambani kwake, akapakia maiti kwenye gari la mkuu wa mkoa na kuipeleka polisi Iringa mwenyewe. Ameua mwakilishi wa Rais mchana kweupe katikati ya ujamaa. Nchi nyingine asingefika mahakamani. Alifika, akasikilizwa na Jaji Onyiuke, Mnigeria, akawa na wakili, utetezi wake wa kuchokozwa ukachambuliwa. Akahukumiwa kunyongwa. Nyumbani wazee bado wanabishana juu ya hukumu ile, ila hakuna anayesema hakusikilizwa.

#11 Mwanaharakati Butu

Kesi za jinai sawa. Na waliowekwa kizuizini bila kesi nani aliwasikiliza? Hao hamuwataji maana hawana hukumu ya kusomwa.

#12 Mkunguni

#11 hapo nakuunga mkono kabisa, na ndio moyo wa uzi huu. Ukishtakiwa ulikuwa na jaji, na jaji mzuri. Usiposhtakiwa hukuwa na mtu. Serikali ndiyo iliyochagua mlango wa kukupitisha.

Walilijua pengo hilo. Tume ya chama kimoja iliyoongozwa na Kawawa haikutaka haki ziingie kwenye Katiba, badala yake ikapendekeza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Ikaanza 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ikawa inazunguka mikoani kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi. Kitu kizuri, nchi nyingi za Afrika hazikuwa nacho. Lakini taarifa yake ilikwenda kwa nani? Kwa Rais. Ukionewa na mtu wa Rais unalalamika kwa tume ya Rais inayomwandikia Rais.

Hata kwenye adhabu, Ikulu na Bunge walikuwa wameshamfikia hakimu mezani. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963: mla rushwa na mwizi wa mali ya umma, miaka miwili isipungue, na viboko 24. Kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu mwenyewe alilisimulia kwenye Mei Mosi ya 1995 kule Mbeya, uwanja mzima ukacheka aliposema vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Hakimu hakuwa na la kupunguza. Viboko viliondolewa kwenye sheria hiyo 1972.

#13 Kandambili

Wa kwenda kumwonyesha mkewe 😂😂 Mwalimu alikuwa na maneno.

#14 Likoni Ferry

Wakuu, naingia kutoka upande wa Kenya. Mnavyolalamika kuhusu Nairobi utadhani sisi ile mahakama ilitufaa kitu! Ilikuwa mjini kwetu na bado ilikuwa ya wenyewe.

Kenya ilianza na kila kitu mlichokosa. Katiba ya 1963 ilikuwa na sura ya haki. Jamhuri ikaja 12 Desemba 1964, Kenyatta akawa Rais. Haikumzuia Rais kumweka Oginga Odinga ndani 1969, mtu aliyekuwa Makamu wake wa kwanza. Haki zilikuwa kwenye karatasi na mtu alikuwa ndani.

Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika kwetu ni Kitili Mwendwa, 1968. Hajamaliza miaka mitatu, jina lake likatajwa kwenye kesi ya njama ya mapinduzi ya 1971, akajiuzulu. Sasa sikilizeni: baada ya Mwafrika tukarudi kwa Mwingereza. Sir James Wicks akakalia kiti hicho mpaka 1982. Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 22, 1978, aliyemwapisha Moi siku hiyohiyo Ikulu ya Nairobi ni Wicks. Miaka 14 na ushei baada ya uhuru Mwafrika anaapishwa na Mwingereza mwenye wigi.

Na Jumuiya ilipovunjika sisi tuliunda Court of Appeal yetu 1977 hiyohiyo, hatukungoja. Je, ilimzuia Moi? 1988 Bunge likabadilisha Katiba, Rais akapata uwezo wa kumwondoa jaji bila tume ya uchunguzi. Ulinzi ule ulirudishwa 1990. Kwa hiyo bwana Mkunguni, kuwa na mahakama yako mapema si dawa.

#15 Nyakabindi

#14 asante sana. Ndicho nilichokuwa nasema.

#16 Mkunguni

#14 karibu sana ndugu. Mbona umenisaidia? Kwenu walibadilisha Katiba ili kumfikia jaji. Ina maana kulikuwa na kitu cha kubadilisha, na watu walikiona kinabadilishwa, wakapiga kelele mpaka kikarudi. Kwetu hakikuwepo cha kuvunja.

Tena ulinzi huo wa jaji tulikuwa nao sisi. Katiba ya 1962 haikumruhusu Rais kumfukuza jaji bila baraza la majaji kumchunguza kwanza. Kwenye ajira ya jaji tulikuwa vizuri. Kilichokosekana ni kazi ya kumpa.

#17 Omukama Mtoro

Mimi ni wa Masaka, mama mtu wa Bukoba, Kiswahili changu mvumilie. Mnaongea Rais na mahakama bila Uganda? Haiwezekani.

Sisi tulianza kwa njia ya ajabu. Uhuru Oktoba 9, 1962. Mwaka uliofuata Rais wa nchi ni Kabaka Mutesa, yaani mfalme wa sehemu moja ndiye Rais wa wote, na Obote ni Waziri Mkuu. Februari 1966 Obote anasimamisha Katiba, Aprili analeta mpya ambayo wabunge walikuta kwenye masanduku yao ya barua, ndiyo watu wakaiita hivyo. Mei jeshi linapiga Lubiri, yaani kasri la Kabaka, naye Kabaka anaruka ukuta anakimbilia uhamishoni.

Michael Matovu, chifu wa saza (kaunti ya Buganda), akawekwa ndani. Wanasheria wake wakaenda mahakamani kuomba aletwe. Kesi ikafika mbele ya Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnigeria, na majaji wawili Waingereza, wakalazimika kujibu swali kubwa: hii Katiba ya 1966 ni halali? Mwanzoni mwa 1967 wakajibu ndiyo. Wakamfuata mwanafalsafa wa Austria, Hans Kelsen: mapinduzi yakifaulu yanazaa sheria yake mwenyewe. Majaji wa Pakistan walishapita njia hiyo 1958. Obote alipewa muhuri.

Mnasema mahakama haikuwa na kazi. Yetu ilipewa kazi kubwa kuliko zote, na ikasema aliyeshinda ameshinda.

#18 Mama Wawili

#17 na Benedicto Kiwanuka? Malizia.

#19 Omukama Mtoro

Ninafika.

Ben Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza kabla ya uhuru kamili. Obote alimfunga 1969. Amin akamtoa 1971, akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kwenye kiti hicho. Watu walishangilia.

Septemba 1972 Waasia wanafukuzwa, nchi imepinda. Mwingereza mmoja mfanyabiashara, Daniel Stewart, amekamatwa na wanajeshi. Ombi likafika mahakamani, Kiwanuka akaamuru aachiwe, akasema jeshi halina uwezo kisheria wa kumkamata mtu namna ile. Hakuna sentensi ngumu hapo, ni sheria ya kawaida kabisa. Tarehe 21 Septemba asubuhi watu wenye silaha wakaingia Mahakama Kuu Kampala, wakamtoa ofisini kwake, wakamsukuma kwenye gari mbele ya watumishi. Hakuonekana tena.

Bwana wa #3 ametaja Windham kuchukuliwa Tel Aviv. Huyo alirudi.

#20 Jirani wa Feri

Dah.

#21 Nyakabindi

Baada ya #19 naona tukubaliane kwamba Tanganyika ilipata Rais aliyejizuia. Wenzetu hawakubahatika.

#22 Mkunguni

Tunakubaliana, ila hapo ndipo ninapoogopa. Mwalimu mwenyewe aliwahi kuwaambia waandishi kwamba Katiba inampa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Alijua alichokishika. Nchi haiwezi kuishi kwa kubahatika, maana bahati huwa haina kifungu.

#23 Binti Makunduchi

Salamu alaykum. Nimesoma toka juu nikingoja mtu aitaje Zanzibar, naona mmetuvuka kama daladala iliyojaa.

Visiwani mambo yalikuwa mbali zaidi. Kabla ya Mapinduzi rufaa za Zanzibar nazo zilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Baadaye tukaletewa Mahakama za Wananchi, wakili haruhusiwi kuingia. Mzee Karume alipouawa Aprili 7, 1972, makumi ya watu walishtakiwa. Mwanasheria Mkuu, Wolfango Dourado, ndiye aliyesimama upande wa mashtaka na ndiye huyohuyo aliyetakiwa kuzungumza upande wa washtakiwa. Mtu mmoja, pande zote mbili! Jaji Ali Haji Pandu akahukumu 1974. Abdulrahman Babu, waziri wa zamani, alihukumiwa kifo akiwa hayupo, maana alikuwa kizuizini Bara na Mwalimu alikataa kumtoa kumpeleka Unguja. Aliachiwa 1978.

Hapo ndipo napata kigugumizi na hoja zenu zote. Kizuizi kilekile mnachokilaani ndicho kilichomwokoa Babu shingo. Nchi moja, Rais mmoja, na mahakama mbili zisizojuana. Rufaa kutoka Zanzibar kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuja baadaye, na mpaka leo mambo ya Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar hayavuki bahari.

#24 Mkunguni

#23 wa alaykum salaam. Umeleta kitu ambacho sina jibu lake la haraka, na sitajifanya ninalo. Babu akivukishwa ananyongwa, akibaki anafungwa bila kesi. Wa kumwamulia alikuwa mtu mmoja, yuko Magogoni.

#25 Wakili wa Kata

Wakuu, nimechelewa. Mmalizie na hiyo 1979 yenyewe, naona mmeizunguka.

Jumuiya ilikufa katikati ya 1977. Miezi michache kabla, Mwalimu alishamteua Francis Nyalali kuwa Jaji Mkuu, ana miaka 42, akiwaruka waliomtangulia. Huyu mtu aliikuta kazi ya ajabu: yeye ni Jaji Mkuu, ila juu ya Mahakama Kuu yake hakuna kitu. Miaka miwili hivi rufaa haikuwa na pa kwenda. Mwaka 1979 Katiba ikarekebishwa, Mahakama ya Rufani ikaanza, Nyalali akiwa mkuu wake. Abdulla Mustafa, aliyekuwa jaji kwenye ile ya Afrika Mashariki, akawa miongoni mwa majaji wa mwanzo. Nyumba yao ikaja kuwa lile jengo la Kivukoni lililokuwa Forodhani Hotel, na kabla ya hapo klabu ya wazungu.

Kwa hiyo Rais wa kwanza kuapa nchi ikiwa na mahakama yake ya juu ni Nyerere mwenyewe, kipindi chake cha mwisho, 1980.

Ila #6 ana haki yake. Mahakama ilikaa pale Kivukoni miaka kadhaa bila cha maana cha kumuuliza Rais, mpaka haki za binadamu zilipoingia kwenye Katiba 1984. Hata hapo Serikali iliomba muda ijiandae, watu wakaanza kuzidai mahakamani Machi 1988. Kesi ya Daudi Pete ndiyo ilionyesha kazi: Jaji Mwalusanya Mahakama Kuu akakifuta kifungu kilichomnyima mtu dhamana, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akakata rufaa, na 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Nyalali ikasema kifungu hicho kweli kinakwenda kinyume na Katiba. Haikuwa Nairobi wala London. Mwalimu alikuwa Butiama, ana miaka sita nje ya Ikulu.

#26 Nyakabindi

Basi tugawane: wewe chukua 1979, mimi nachukua 1984.

#27 Mkunguni

Nimekubali mgawo, ila Machi 1988 naibakiza ya pamoja.

#28 Likoni Ferry

Na kesi ya Mtikila ya mgombea binafsi? Hiyo naisikia tu huku, nataka kujua iliishaje.

#29 Wakili wa Kata

#28 hiyo inahitaji uzi wake, bwana. Inaanzia kwa Jaji Lugakingira Dodoma na haiishii kwenye mahakama za Tanzania. Nikitoka mahakamani kesho naifungua.

#30 Kandambili

Nahamishia kambi huko.